Kuogelea bahari ya baridi Cape Town, kwa sisi tuliozoea maji ya uvuguvugu

Wabongo, Wakenya, Wakongo na wote wa kwetu mliopo Cape Town au mnaokuja, hii nawaandikia nyie. Kama umekulia Tanga, Mombasa, Unguja, Bagamoyo, popote pwani yetu, unajua kuogelea, hilo halina ubishi. Ila unajua kuogelea kwenye maji ya nyuzi 26 mpaka 29, na hapa upande wa Atlantiki maji yanacheza kati ya 10 na 15 na kuna siku yanashuka chini ya 10 kabisa. Hiyo sio baridi ya kulalamika kidogo halafu ukazoea, ni kitu kingine.

Mimi nimejifunza kuogelea Raskazone, Tanga, nikiwa na miaka 6, nilikuwa nakaa majini asubuhi mpaka adhuhuri mama anaita hasikiki. Siku ya kwanza Camps Bay nikapanda kwenye jiwe nikaruka kama nilivyozoea, nikaibuka siwezi kuvuta pumzi, kifua kinapumua chenyewe harakaharaka kama mtu aliyekimbizwa na mbwa, mikono mizito, na kutoka nilipo mpaka mchangani hazifiki hata mita 15. Mzee mmoja mwenyeji akanipigia kelele nilale chali nisihangaike, nikalala chali, baada ya dakika moja hivi pumzi ikarudi ndo nikatoka. Ningemeza maji pale kwenye pumzi ya kwanza tu leo nisingekuwa naandika.

Kila nikimwambia mtu wa kwetu kwamba naogelea hapa swali la kwanza ni papa. Papa tutafika. Lakini kinachomaliza watu kwenye maji haya ni baridi na mawimbi, kwahiyo naanza na hivyo.

Hatua ya 1: Jua unaingia bahari ipi

Cape Town ina bahari mbili ukizungumzia joto. Upande wa magharibi, yaani Sea Point, Clifton, Camps Bay, Hout Bay, ni Atlantiki yenye baridi. Upande wa pili ni ghuba ya False Bay: Muizenberg, St James, Kalk Bay, Fish Hoek, Simon's Town, ambako kiangazi maji yanafika 18 mpaka 20 na zaidi kidogo, na wakati wa baridi yanashuka 13 hadi 15.

Sasa kuna jambo linawachanganya wageni wengi sana. Kiangazi, Desemba na Januari, jua linachoma, mchanga hauukanyagiki, watu wamejaa Clifton, unadhani maji nayo yamepata moto, kumbe ndo wakati yanaweza kuwa baridi kuliko Julai. Sababu ni upepo wa kusini-mashariki. Sisi tunaijua kusi inavyochafua bahari kwetu, huku upepo wa upande huohuo unayasukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na nafasi yake inajazwa na maji ya chini kabisa ambayo hayajawahi kuona jua. Ukivuma siku mbili tatu mfululizo, siku inayofuata hali ya hewa inatulia, anga safi, bahari inang'aa kama kioo, na maji ni nyuzi 9. Kwahiyo usiulize leo kuna jua? Uliza siku tatu zilizopita kulikuwa na upepo gani, halafu angalia joto la maji kwenye simu kabla hujatoka nyumbani.

Anzia False Bay. Atlantiki iache mpaka mwili umezoea.

Hatua ya 2: Wiki za kwanza ziwe kwenye bwawa la bahari

Huku wana kitu kizuri ambacho kwetu hatuna, wamejenga kuta za zege au mawe ufukweni, maji yakijaa yanaingia, yakipwa yanabaki humo. Yapo mengi: Dalebrook na St James upande wa False Bay, Miller's Point ukipita Simon's Town, Sea Point na Camps Bay upande wa pili. Unapata maji yaleyale ya bahari, baridi ileile, samaki wadogo na konokono wapo, ila mkondo hakuna na ukuta uko karibu ukichoka unaushika. Kwa mtu anayeanza mi naona hakuna pa kushinda Dalebrook.

Angalizo moja tu la haya mabwawa, maji yakijaa wakati bahari imechafuka mawimbi yanaruka ukuta na yanaweza kukuzoa na kukubamiza kwenye mawe. Kupwa na kujaa kwa huku ni kudogo kuliko kwetu, hata wakati wa bamvua maji hayapandi mita 2, wakati Tanga yanapita 3, kwahiyo usitegemee kuona bahari imekimbia mbali kama ulivyozoea. Angalia ukuta. Ukiona maji meupe yanauruka hata mara moja, siku hiyo kaa juu unywe chai.

Hatua ya 3: Vitu vya kubeba

Kofia ya kuogelea ya rangi inayopiga kelele, pinki au machungwa, sio nyeusi, maana nyeusi majini ni kichwa cha sili, yule mnyama wa baharini mwenye manyoya anayekula samaki. Miwani ya kuogelea. Boya la kuvuta, lile la upepo unalolifunga kiunoni linakufuata nyuma, linakuonyesha kwa boti na ukichoka unalilalia. Wetisuti, ile nguo ya raba inayobana mwili, sio lazima ila kwa anayeanza inasaidia sana kwa joto na inakuelesha, usione aibu ati wengine wanaingia na chupi tu, hao wana miaka kumi kwenye hayo maji. Viatu vya raba vya majini kwa sababu ya mawe na wale wa miiba miiba waliojibana kwenye nyufa.

Nchi kavu uache taulo, kofia ya sufu, sweta pana isiyo na zipu wala vifungo vidogo, soksi, chupa ya chai ya moto na kitu kitamu. Zipu na vifungo nimevitaja kwa sababu ukitoka vidole havitafanya kazi, utaona mwenyewe.

Simu uiwekee SafeTrx, ni programu ya bure ya NSRI, wale wa uokoaji wa baharini wa Afrika Kusini, inafuatilia safari yako na ina kitufe cha kuomba msaada. Na mtu wa nchi kavu ajue umeingia saa ngapi unatoka saa ngapi. Peke yako usiingie, hata mimi siingii.

Mwenye ugonjwa wa moyo, presha, pumu au mjamzito aongee na daktari kwanza. Pombe isiwepo kabla, wala baada yake mpaka umepata joto.

Hatua ya 4: Kuingia, hapa soma mara mbili

Maji yakiwa chini ya nyuzi 15 mwili ukizama ghafla unapata mshtuko wa baridi. Ngozi inapeleka habari kwenye ubongo, unavuta pumzi moja kubwa bila kupenda, halafu unahema mfululizo, moyo unadunda, presha inapanda juu. Huwezi kuuzuia kwa ushujaa, hata kama wewe ni mwanajeshi. Hatari yake ni ile pumzi ya kwanza, kichwa kikiwa chini ya maji unavuta maji badala ya hewa. Ndo maana nasema USIRUKE, usipige mbizi.

Ingia kwa miguu, polepole lakini bila kusimamasimama. Maji yakifika magoti jimwagie mikono, shingo na uso. Yakifika kiunoni simama, toa pumzi nje kwa mdomo taratibu kama unapuliza uji wa moto, tena, tena. Kazi yako hapo ni kutoa pumzi, kuvuta kutakuja kwenyewe. Halafu shuka mpaka mabegani, kaa hapohapo miguu ikigusa chini. Mshtuko unakuwa mkali kwenye sekunde 30 za kwanza na unapoa ndani ya dakika mbili tatu. Ukiona sasa unaweza kusema sentensi nzima bila kukatika, ndo unaweza kulala kwenye maji na kuanza kupiga mikono. Kama hauwezi, hauogelei bado.

Na ikitokea umeanguka au wimbi limekuchukua kabla hujajiandaa, fanya alichoniambia yule mzee: lala chali, masikio ndani ya maji, mikono wazi, usiogelee kwenda popote mpaka pumzi irudi.

Hatua ya 5: Muda, na sio umbali

Kwetu tunapima umbali, mpaka kwenye ngalawa ile na kurudi. Hapa unapima dakika. Siku ya kwanza dakika 2 au 3 zinatosha, hata kama unajisikia vizuri, na hasa kama unajisikia vizuri. Watafiti wa baridi wameona kwamba ukiingia mara tano sita tu, dakika tatu tatu, ule mshtuko unapungua karibu nusu. Kwahiyo mara mbili kwa wiki, mwezi mmoja, mwili utabadilika bila kujitesa. Ongeza dakika moja moja.

Maji yanaondoa joto la mwili karibu mara 25 ya hewa yenye ubaridi huohuo. Damu inakimbilia tumboni na kifuani kulinda vya ndani, mikono na miguu inaachwa. Dalili ya kugeuza ni vidole, vikianza kuachana na huwezi kuvibana pamoja, geuza saa hiyohiyo sio ukifika lile jiwe. Baada ya hapo mikono inakuwa kama mbao, unapiga lakini husogei, na mtu hodari kabisa anazama hivyo akiwa na akili zake timamu. Ukiona mwenzako anaongea kama mlevi, au ameacha kutetemeka na anasema hasikii baridi tena, mtoe, hakuna mjadala.

Ogelea sambamba na ufukwe, sio kuelekea nje. Na mikondo ipo, Muizenberg na Strandfontein hasa, ikikubeba usishindane nayo, elea, inua mkono mmoja juu, halafu toka kwa pembeni. Fukwe nyingi wametundika maboya ya pinki kwenye nguzo, ya NSRI, hayo ni ya kumrushia anayezama ili wewe usizame naye, na kila nguzo ina namba ya simu ya dharura na namba ya pale ulipo. Ukiwa hujaiona piga 112.

Mvua kubwa ikinyesha kaa nje siku moja mbili, mitaro yote inamwaga baharini.

Hatua ya 6: Wenyeji wa maji

Hapa ndo napenda mwenyewe, na ndo sababu natoka kitandani.

Cha kwanza utakachokutana nacho ni kelpi. Sio ule mwani wa Paje wanaoulima kina mama, huu ni mwani wa urefu wa mti, umejishika kwenye mawe chini, shina lake kama bomba unapanda mita 10 na zaidi, majani yamelala juu ya maji. Msitu huu unaenda zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Namibia. Mara ya kwanza ukikugusa mguuni utapiga kelele, kila mtu anapiga. Haukushiki, ni utelezi tu, ila ukianza kurusha mateke ukiwa wima unajizungushia mwenyewe. Lala juu kabisa kama mtumbwi, miguu ipige kidogo, majani yasukume chini ya tumbo lako kwa mikono, tafuta uchochoro wa maji meusi upite. Ndani yake bahari inatulia kwa sababu mwani unavunja mawimbi, mwanga unashuka kwa mistari, na ukitulia dakika mbili utaona pweza amebadilika rangi ya jiwe, na vile vipapa vidogo vya madoadoa ambavyo ukivisogelea vinajikunja duara na kufunika macho kwa mkia. Wenyeji kwa Kiafrikana wanaviita skaamoog, mwenye macho ya haya. Usivishike. Na pweza najua kwetu ni mchuzi, hapa ni hifadhi sehemu nyingi na kuchukua kitu bila kibali ni kosa, wale konokono wakubwa wanaoitwa perlemoen ndo usiwaguse kabisa, watu wanafungwa.

Konyeza. Upepo wa kusini-mashariki ukivuma kiangazi unaleta False Bay wale wadogo wa bluu wenye kibofu cha hewa kinachoelea na nyuzi ndefu chini, hapa wanaitwa bluebottle. Kabla hujaingia tembea mchangani, ukiwakuta wamelala kwenye mstari wa maji basi majini wapo wengi. Wakikuchoma toka, suuza kwa maji ya bahari, ondoa nyuzi kwa kitu sio kwa vidole vitupu, usisugue na mchanga, mkojo achana nao, halafu weka maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia bila kuungua, kama nyuzi 45, dakika 20. Kifua kikibana au uso ukivimba, 112.

Sili sasa. Hili naomba lisomwe na kila mtu hata asiyeogelea. Zamani tulikuwa tunasema sili ni mtoto wa mbwa wa baharini, anakuja anakuzunguka anacheza, na wengi wao bado ni hivyo. Lakini mwaka 2024 walithibitisha kichaa cha mbwa kwa sili wa Cape, kitu ambacho hakikuwahi kuonekana kwa wanyama wa baharini kwa ukubwa huo, na mwaka huohuo kuna watu waliokuwa wanateleza mawimbi waling'atwa na sili mmoja mkali. Kwahiyo usimnyooshee mkono, usimlishe samaki bandarini Hout Bay wala Kalk Bay hata kama wapo wanaokuambia piga picha, na mtoto asisogee kwa sili aliyelala mchangani. Majini akija, kunja mikono kifuani, usimfukuze, rudi ufukweni taratibu. Anayefuata watu kwa hasira, toka na waambie walinzi.

Aking'ata, hata mkwaruzo mdogo, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kwa saa, halafu hospitali siku hiyohiyo na umwambie daktari wazi kwamba umeng'atwa na sili unataka kinga ya kichaa cha mbwa. Kwetu tumeona mbwa walichofanya vijijini, dalili zikianza hakuna dawa. Sindano kabla ya dalili inaokoa.

Pengwini wa Boulders, Simon's Town, utaogelea nao karibu kabisa siku nyingine, wanapita kama risasi. Mdomo wake unakata. Mwache apite yeye. Wamebaki wachache mno, mwaka 2024 wamewekwa kwenye kundi la walio karibu kabisa kutoweka, kwahiyo kumkimbiza upate video ni ukatili. Nyangumi wanakuja ghubani kuanzia Juni mpaka Novemba kuzaa, sheria ni mita 300, hata kwa muogeleaji bila chombo.

Na papa, haya. False Bay ilikuwa na papa weupe wengi, tangu 2018 hivi wameadimika sana, kuadimika sio kuisha. Kuna vijana wa Shark Spotters, tangu 2004 wanakaa mlimani na darubini, chini wanapandisha bendera: kijani maji yanaonekana vizuri na hawajaona papa, nyeusi hawaoni vizuri, nyekundu tahadhari kubwa, nyeupe yenye mchoro wa papa mweusi inapandishwa na king'ora, toka. Mwaka 2011 pale Fish Hoek mtu alishambuliwa wakati ufukwe umefungwa na bendera ya papa iko juu. Bendera isome kabla ya kuvua viatu. Fish Hoek pia wana wavu wa kuzuia papa kona ya kusini, wanauweka asubuhi wanautoa jioni, hasa kiangazi. Usiingie alfajiri wala magharibi, usiingie kwenye maji machafu, ukiona ndege wanapiga mbizi kwenye kundi la samaki au wavuvi wanavuta juya, subiri wamalize. Mimi huingia saa 3 asubuhi jua likiwa limeshapanda.

Hatua ya 7: Kutoka

Watu wengi wanadhani wakigusa mchanga wamemaliza. Ukitoka damu ya baridi iliyokuwa mikononi na miguuni inarudi ndani, joto la mwili linaendelea kushuka dakika 10 mpaka 30 baada ya kutoka. Ndo maana mtu anatoka anacheka, dakika 10 baadae anatetemeka meno yanagongana na hawezi kushika kikombe. Una kama dakika 5 nzuri, zitumie kuvaa, stori na picha baadae.

Vua cha majini cha juu, jifute, vaa sweta na kofia ya sufu, ndo uende chini. Simama juu ya taulo sio kwenye zege. Usikimbilie bafu la maji ya moto, mishipa inafunguka ghafla presha inashuka unaanguka, nimeona kijana mwenye afya zake ameanguka hivyo. Kunywa chai kidogokidogo, kula kitu kitamu, tembeatembea polepole. Kutetemeka kuache kufanye kazi yake, ni mwili unajipasha.

Gari usiwashe. Kaa hapo ukutani na chai yako, angalia bahari, nusu saa hata zaidi, mpaka uweze kufunga kamba za viatu mwenyewe na meno yametulia kabisa, ndo ushike usukani.